Stima zikikatika wakati wa maleleji: usiku ndio unaotuumiza

Mkaa Langoni

Assalaam aleikum wanabaraza. Uzi huu ni mrefu, nawaomba mstahamili. Naandika kwa sababu Machi iliyopita nusura nimpoteze mamangu nyumbani kwake, kitandani kwake, na hakuwa na ugonjwa wowote wa kutajwa. Joto tu.

Kwa walio mbali na Lamu: kaskazi ikianza kulegea na kusi haijashika, huja zile wiki za maleleji. Upepo hufa kabisa. Ukipima joto mchana utaona 32 au 33, na mtu wa Garissa atashangaa tunalalamikia nini. Lakini hewa yetu imeshiba unyevu wa bahari, jasho linatiririka bila kukauka, na usiku joto halishuki sana chini ya 26. Mwili haupati nafasi ya kupumzika. Sasa hapo ndipo stima zikatike.

Siku ile zilikatika Alhamisi alasiri, zikarudi Jumamosi adhuhuri. Mamangu ana miaka 74. Analala orofani, katika chumba tulichomjengea wenyewe kwa fedha za kuchangishana: dari la zege, madirisha ya vioo vya kusukuma, feni ya darini, choo mlangoni. Tuliona tumemtendea wema. Usiku wa kwanza hakulala. Ijumaa mchana alikataa chakula, akasema kichwa kinamgonga. Usiku wa pili, saa nane, dadangu alimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, anamwita kwa jina la shangazi yetu aliyekufa zamani. Ngozi inawaka. Leso aliyojifunga kifuani ilikuwa kavu, nikaishika kwa mkono wangu, kavu kama imetoka kuanuliwa kambani. Mimi nikafurahi. Nikadhani afadhali, angalau hatoki jasho.

Tulimbeba tukamteremsha chini. Jirani alileta ndoo mbili za maji ya kisima, tukalowesha leso, tukamfunika, tukapokezana kumpepea kwa pepeo za ukili hadi adhana ya alfajiri, kisha hospitali. Alipona, alhamdulillahi. Daktari alituuliza jambo moja tu ambalo halijanitoka: alikuwa analala wapi?

Mambo ya mchana kila mtu anayajua, kivuli, baraza, madafu. Ninachotaka tujadili hapa ni usiku bila stima. Nyinyi mnafanyaje, na hasa mnawafanyia nini wazee wenu?

Binti Maweni

Pole sana kakangu, na mpe mama pole zangu. Niko Malindi, huku Maweni, na hiyo hali ya maleleji tunaijua vizuri, ingawa nyinyi wa kisiwani mnabanwa zaidi na vichochoro.

Langu mimi ni friji, maana mume wangu anajidunga insulini. Mwanzoni stima zikikatika nilikuwa nafungua friji kila mara kuona kama bado ni baridi, na kila nikifungua ndiyo naitoa hiyo baridi. Friji ya kawaida ikifungwa bila kuguswa hudumu kama masaa 4. Friza iliyojaa hudumu karibu siku 2, na iliyojaa nusu karibu siku 1. Kwa hiyo sasa siiachi friza yangu na nafasi: kusipokuwa na samaki najaza chupa za maji za lita mbili, si mpaka mdomoni, maana maji yakiganda hutanuka. Stima zikienda nahamisha chupa mbili chini kwenye friji.

Insulini ambayo haijafunguliwa inataka baridi ya kati ya 2 na 8. Ile aliyoanza kuitumia nyingi huvumilia nje karibu wiki 4 mradi joto lisipite 30, lakini someni karatasi yake, aina hazifanani. Na 30 kwetu mwezi wa tatu ni chumba gani hicho? Mimi naiweka ndani ya kijungu cha udongo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga ninaoutia maji asubuhi na jioni, mahali panapopita hewa, na juu kitambaa kibichi. Siku za unyevu mwingi kinapunguza nyuzi chache tu, lakini hizo chache ndizo ninazozitaka. Msiiweke juu ya barafu moja kwa moja. Ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana safi.

Na samaki, tafadhali. Jodari, nguru na vibua wakishinda kwenye joto huingia sumu ambayo moto hauiondoi. Mwaka juzi nilikaanga nguru aliyekuwa amelegea kidogo tu baada ya stima kukatika usiku kucha, nikatia ndimu na pilipili, hakunuka chochote. Nusu saa baadaye uso wa mwanangu ulikuwa mwekundu, mwili unamwasha, moyo unamwenda mbio. Tangu siku hiyo, samaki akishapoteza baridi usiku mzima, simpiki, simpi jirani, simpi paka. Nikiona stima zinachelewa kurudi na samaki bado ana barafu, nampasua natia chumvi, nafanya ng'onda. Ndivyo bibi zetu walivyofanya, nao hawakuwa na friji hata moja.

Mzee wa Mkomani

Mwanangu wa Langoni, pole, na mamako tumuombee afya. Nisikuudhi kwa nitakalolisema.

Mamako mlimtoa mahali pa baridi mkampandisha mahali pa moto. Nyumba ya watu wa kae, yaani wa kale, ilijengwa na mtu aliyekuwa hana stima na hakuitarajia. Ukuta wa matumbawe na chokaa, unene mkono mzima kutoka kiwikoni au zaidi. Jua linaupiga mchana kutwa na ndani hupati habari yake. Dari ni boriti za mikoko, juu yake mawe na chokaa, zito. Nje karibu hakuna dirisha. Mwanga na hewa huja kwa kiwanda, ule ua wa wazi katikati ya nyumba, hewa ya moto inapanda inatoka kwa juu. Ukitoka dakani, yaani baraza la mlangoni, ukapita tekani, ukumbi wa kuingilia, kila chumba unachoingia kina giza na ubaridi zaidi ya kile ulichokiacha, hadi ufike ndani kabisa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Chooni mna birika la mai, na samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Chumba cha mwisho ndicho walichopewa wazazi na wagonjwa. Haikuwa kwa bahati.

Zege la siku hizi ni jembamba na linakunywa jua kutwa, kisha magharibi linaanza kulitapika. Saa sita ya usiku bado linatapika, na aliyelala chini yake ni mtu mzima wa miaka 74.

Na jambo moja zaidi. Msipake ukuta wa matumbawe sementi. Chokaa kinapumua, sementi inaziba, unyevu unabaki ndani ya ukuta na chumba kinakuwa kama sufuria iliyofunikwa.

Mkaa Langoni

Hujaniudhi mzee wangu. Umenifanya nifanye kitu. Niliazima kipimajoto kwa mwalimu mmoja hapa mtaani, nikakitundika chumba cha mama orofani, halafu nikakiteremsha chumba cha ndani ambacho tulikuwa tumekigeuza stoo ya magunia na baiskeli mbovu. Saa nne usiku, siku ya kawaida, stima zipo lakini feni nimeizima: orofani 33. Chini 29. Nimerudia siku tatu, tofauti ni hiyo hiyo. Nimeketi kitandani kwa mama gizani, nikaweka kiganja juu ya dari kwa kusimama juu ya kiti. Lina moto kama kikombe cha chai kilichosahauliwa. Nilishika dari hilo nikakumbuka siku tuliyolimwaga zege, tulivyochinja mbuzi.

Nesi wa Pwani

Nimesoma kwa uchungu. Naomba niseme kama mtu wa kazi, na usichukulie kama lawama, kakangu. Jambo la maji, leso na kupepea mlifanya sawasawa, pengine ndilo lililomwokoa. Lakini mtu aliyechanganyikiwa na ngozi inawaka hangojewi adhana. Akianza kuita watu kwa majina yasiyo yao, akiongea ovyo, akianguka au akipata degedege, mnaanza kumpoza hapo hapo na wakati huo huo mtu mwingine anatafuta chombo cha kumpeleka hospitali, iwe ni mashua saa nane ya usiku. Hiyo si uchovu wa joto tena. Joto la mwili likifika 40, ubongo, figo na moyo vyote viko hatarini. Na kwa wazee ngozi kukauka ni dalili mbaya, umelijua kwa njia ngumu.

Asiye na fahamu sawasawa msimnyweshe kitu, kitaingia mapafuni. Mlazeni ubavu, mloweshe mwili mzima, mpepeeni bila kuacha.

Kabla ya kufika huko kuna dalili ndogo: kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukakamaa, mkojo mchache wa rangi ya chai. Hapo mtu ahamishwe penye ubaridi na anywe. Kama hakuna paketi za dukani: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi ukidhani unaongeza nguvu. Mwenye sukari aulize kwanza kituo cha afya.

Wazee wengi hawasikii kiu. Msiulize «mama una kiu?», atasema hana. Mpeni kikombe mkononi. Na wengi wanakunywa dawa za presha zinazokojoza, hizo zinakausha mwili upesi wakati wa joto. Msizikatize wenyewe, nendeni kwa daktari kabla ya Machi, sio baada.

Mama Kandahari

Nawasikia na ukuta wa matumbawe na chumba cha ndani. Sisi wengine tuna vyumba viwili na bati. Hakuna ndani wala tekani. Bati likichomwa na jua mchana, watoto wanapata vipele shingo nzima. Mnatushauri nini sisi?

Mkaa Langoni

Dada, umenikumbusha haki. Nilikuwa nimejisahau nikadhani Lamu nzima ni mji mkongwe.

Fundi Mokowe

Mama, bati lina faida moja: halihifadhi joto. Jua likizama linapoa upesi kuliko zege. Adui wako ni mchana na magharibi, si saa nane ya usiku. Lipake chokaa jeupe, tia chumvi kwenye maji ya chokaa kishike vizuri, na upake tena baada ya mvua za masika. Jeupe linarudisha jua. Chini ya bati tundika mkeka mkuukuu au magunia yaliyoshonwa pamoja, acha nafasi ya shubiri mbili kati yake na bati, na juu ya ukuta acha uwazi hewa ya moto itoke. Usiweke makuti chini ya bati karibu na jiko au mshumaa, hayo yakishika moto hutayazima. Kwa habari ya mishumaa, acheni kabisa. Taa ndogo ya sola bei yake si kubwa na haichomi nyumba.

Sasa feni. Watu wananiuliza kila siku jenereta, jenereta. Jenereta kichochoroni Lamu ni hatari. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na ukiiweka kiwandani au dakani hewa hiyo inaingia kwenye vyumba vilivyolala watu. Hali kadhalika jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hamtaamka.

Hesabu ni hii. Feni ya darini inakula wati 60 hadi 75. Feni ndogo ya betri, ya volti 12, inakula kama wati 20. Kulala masaa 8 ni wati-saa 160. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 40, ina 480, lakini usiimalize, tumia nusu tu, 240, la sivyo itakufa mapema. Kwa hiyo betri hiyo inampepea mzee usiku mzima na kubakisha taa na simu. Paneli ya wati 80 au 100 inairudisha siku ya jua. Msinunue inveta ya kuwasha nyumba nzima kwa sababu ya usiku mmoja wa mzee mmoja. Nunueni feni ya betri.

Kuna anayesema feni bila barafu inazungusha joto tu. Huko jangwani hewa ikishapita 35 kwa mbali ana hoja, lakini kwetu mara chache tunafika hapo. Kwetu feni inafanya kazi, na upepeo wa ukili pia.

Stima zikikatika chomoeni friji. Zikirudi hurudi kwa kishindo, huenda na kurudi mara mbili tatu, na hapo ndipo kompresa zinapoungua. Ngojeni dakika 5 ndipo mchomeke, au mtie kile kifaa cha kulinda friji. Na jazeni madebe ya maji mapema, pampu inalala pamoja na stima. Kisiwa chetu zamani kilikuwa na jenereta zake za dizeli. Siku hizi tunakula laini ndefu ya kilovolti 220 kutoka Rabai, kupitia Malindi na Garsen. Hitilafu moja huko njiani na sote tuko gizani. Na ile tarehe 25 Agosti 2023 hata Nairobi ilikuwa gizani pamoja nasi.

Mwana Shela, Chicago

Nawasoma kutoka mbali. Mtu wa Shela mimi, nimeolewa huku miaka mingi. Huku joto kali huja Julai. Wenyeji bado wanaizungumzia Julai 1995: tarehe 13 joto lilifika 41, hewa nzito ya unyevu kama yetu, stima zikakatika katika maelfu ya nyumba. Watu zaidi ya 700 walikufa kwa siku chache. Maiti zikazidi hadi wakaleta malori ya friji. Wengi walikuwa wazee waliokaa peke yao, madirisha wameyafunga kwa kuogopa wezi, na hakuna aliyewagongea mlango.

Nilipoisikia mara ya kwanza nilijiambia kwetu haiwezi kutokea, kwetu mlango haufungwi. Lakini dada zangu sasa wananiambia Shela nyumba nyingi zina mlinzi na mzee mmoja, watoto wako Mombasa na Dubai. Nyanya yetu mkubwa alikuwa peke yake Machi iliyopita. Nampigia simu kila jioni, na stima zikikatika simu yake inazima.

Binti Maweni

Dada wa Chicago, nitumie ujumbe wa faragha. Nina shemeji Shela, mlango wa tatu kutoka msikitini, atampitia bibi kila baada ya isha.

Kijana wa Wiyoni

Na sisi tunaofunga? Ramadhani ya 2024 na ya 2025 zote ziliangukia Machi, na ya 2026 ikaanza Februari. Babangu hataki kusikia habari ya kufungua.

Mzee wa Mkomani

Mwambie baba ruhusa si ya kwako wala ya daktari, imo katika Suratul Baqara, aya ya 184 na 185. Mgonjwa atalipa siku nyingine, na mkongwe asiyeweza hulisha maskini. Mwenye afya naye asinywe mai yote kwa mkupuo magharibi. Kikombe kila baada ya muda, kutoka futari hadi daku, na chai nyeusi na kahawa kidogo tu. Na baada ya tarawehe mketisheni barazani penye hewa, asikimbilie chumbani.

Mkaa Langoni

Narudi baada ya wiki tano, nimeona baadhi yenu mnauliza habari.

Mama hakukubali kuteremka upesi. Alisema stoo ni mahali pa magunia, na amefanya nini hata ashushwe. Ilituuma. Tukatoa magunia yote, tukapaka chokaa kipya, dadangu akapanga sahani zake za zamani kwenye zidaka, zile ambazo zilikuwa zimefungwa sandukuni tangu tulipomhamisha. Alipoziona akaingia mwenyewe, akabadilisha mbili mahali, akasema hii haikuwa hapa.

Godoro la sponji tumeliacha juu. Tumempa kitanda cha kamba cha marehemu bibi, tumekikaza upya, juu mkeka na shuka moja, hewa inapita chini yake. Feni ya betri ya volti 12 miguuni. Mtungi wa maji na kata karibu na mkono wake. Orofani juu ya zege tunajenga banda la makuti ili jua lisilifikie tena. Tukimaliza, sisi vijana tutalala huko chini ya neti. Zamu ya usiku tumegawana: dadangu saa tano, mimi saa nane.

Jumanne stima zilikatika baada ya isha. Maleleji yenyewe, hata jani la mwarobaini halitikisiki. Saa nane niliteremka na tochi, nimeifunika kwa vidole isimwamshe. Alikuwa amelala ubavu, feni inazunguka, upepeo umemponyoka uko sakafuni. Nikamgusa leso mgongoni. Ilikuwa na unyevu wa jasho, na mwili una ubaridi. Nikaketi pale kizingitini kwa muda mrefu kuliko zamu yangu.

Stima zilirudi saa kumi na moja kasoro. Hakuamka.